Siku Nilipomfuta Babu wa Ouma Hester

Wanangu, kazi ya kwanza niliyoifanya kwa moyo wangu wote katika karakana ya bunduki kuukuu ilikuwa kumfuta babu wa watu. Nilimfuta kwa msasa, nikampangusa vumbi, nikampaka vanishi, kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikajisifu. Naanza na hilo kwa sababu mtalisikia tu kwa wengine, na afadhali mlisikie kwangu, likiwa na chumvi niliyoitia mwenyewe.

Aliyenishikisha kalamu ni Njeri, binti wa Kikenya anayefanya kazi benki huko Sandton kwa matajiri. Alinunua mnadani bunduki moja ya kijeshi ya zamani, vibali vyote vikiwa sawa, akaja kwangu La Rochelle, hapa Johannesburg, mara mbili kuniuliza maswali. Mara ya tatu hakuweza kuisubiri. Jumapili iliyopita akanitumia picha kwenye simu, bunduki inang'aa kama jeneza la tajiri. Chini yake kaandika: "Mzee Shaibu, si uone vile imetoka! Nimeipiga sandpepa wikendi mbili." Nilicheka mpaka Mama Zuhura, mke wangu, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Halafu nikanyamaza, maana katika picha ile niliiona mikono yangu mwenyewe.

Basi Njeri, na nyie wengine mnaokuja Jumamosi kuninywea chai na kunijazia meza vyuma vyenu, haya ni yenu.

Nilitoka Tanga nikiwa fundi seremala, na fundi kwelikweli, siwafichi. Kazi yangu ilikuwa vitanda vya maharusi. Nikimaliza kitanda, mama wa bibi harusi alikuwa anajitazama kwenye ubao wa kichwani na kurekebisha mtandio wake. Kwetu sheria ilikuwa moja tu: kitu kikiingia kizee, kitoke kipya. Ukimrudishia mteja meza yake ikiwa bado ina alama ya chungu, anakuuliza wiki nzima ulikuwa unafanya nini.

Nikaja Johannesburg na randa yangu, patasi nne na kiburi changu. Kazi niliipata katikati ya jiji, ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Chini yetu waliuza mablanketi kwa jumla, juu yetu kulikuwa na kanisa lenye kwaya yenye mapafu, na katikati tulikuwa sisi na bunduki za vita vilivyokwisha kabla hatujazaliwa. Watu walizirithi, au walizinunua mnadani, au walizikuta darini kwa marehemu, wakatuletea tuzitunze.

Mwenye karakana, na mwenye leseni, alikuwa Fundi Amisse. Huyu alikuwa Mmwani wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, mtoto wa masonara. Kimwani chake na Kiswahili changu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani, isipokuwa alipokasirika, maana hapo alihamia Kireno. Alikuwa mfupi, msafi, na kila siku alivaa koti la bluu lenye penseli mfukoni. Alinipokea kwa sababu alihitaji mtu wa mbao. Vyuma alivijua yeye.

Siku ya kwanza alinionyesha chumba kizima, akasema, "Shaibu, hapa hatutengenezi vipya. Vipya viko huko Sandton, kwenye vioo. Hapa mzee wa watu akija, tunamwosha uso, tunamkata kucha, tunamrudisha kwao na kanzu yake ileile. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Uongo mtupu! Nilidhani anaongea kishairi.

Kisha akaniambia la pili, na hili hakulisema kishairi. Mtu aliyekuwepo kabla yangu alifuta muhuri wa jeshi kwenye kitako cha bunduki moja. Fundi Amisse alimpa koti lake na ujira wake, wakaagana kwa mikono miwili bila matusi. "Kutu nitakusamehe," akasema. "Ukivunja kitu, tutaunga. Lakini ukifuta alama, hakuna duka linalouza nyingine." Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapahapa La Rochelle, mke wangu ana mimba ya miezi sita, na ile kazi ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo katika nchi hii. Mkumbuke hilo ninapowasimulia yaliyofuata.

Mwezi wa pili sijaumaliza, akaja Ouma Hester. Ouma ni bibi, kwa Kikaburu. Mimi siku hiyo, Jumatatu, nilikuwa nimetumwa kununua mafuta ya kitani, kwa hiyo sikumwona. Alileta bunduki ya babu yake, iliyopigana vita vya Makaburu na Waingereza. Alitaka isafishwe kabla hajahamia kwa mjukuu wake. Fundi Amisse aliandika kadi, akaifunga kwa uzi kwenye kikingio cha triga. Kesho yake alikuwa na safari ya Pretoria kufuata vibali, siku mbili. Bunduki zote akazifungia kabatini, na bolti ya ile ya Ouma, kile chuma cha kufungia risasi, akaitoa akaitia kwenye sanduku la chuma. Mezani akaniachia mbao na mtutu peke yake.

"Hiyo safisha mtutu tu," akaniambia akiwa mlangoni. "Mbao uiache mpaka nirudi. Mwenyewe anakuja Ijumaa, saa nne."

Jumanne nikasafisha mtutu. Hapo nisimame kidogo niwafundishe, maana nikiendelea mbio mtakumbuka upuuzi wangu mkasahau kazi.

Kabla ya jambo lolote, fungua bunduki uangalie kama ina risasi. Angalia kwa jicho, halafu ingiza kidole, halafu mwonyeshe mwenzako naye aangalie. Hata kama imetoka kabatini. Hata kama umeiangalia dakika mbili zilizopita ukaenda chooni, ukirudi angalia tena. Fundi Amisse alikuwa akimkuta mtu hajafanya hivyo, anamtoa nje akanunue mkate kwenye spaza, duka la mtaani, ili akili imrudie njiani.

Ufito wa kusafishia uuingize kwa nyuma, upande inakoingia risasi, usiuingize mdomoni. Mdomo wa mtutu ukikwaruzwa, bunduki imekwisha heshima. Nyie sasa mna vikamera vidogo vinavyoingia ndani na kukuonyesha kila kitu kwenye simu. Njeri alikuja nacho kimoja, nikakaa nacho nusu saa kama mtoto, chai ikapoa. Sisi tulikuwa tunaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, mwanga wa dirisha unaakisi, unachungulia mbele, unaiona michirizi inazunguka. Na bado ukiniuliza mimi, karatasi haiishiwi chaji.

Kutu ziko mbili: kutu inayokula na kutu iliyolala. Inayokula ni nyekundu, inakuachia unga kidoleni. Hiyo iondoe. Tia mafuta, iache ilowe, kisha isugue taratibu kwa sarafu ya shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki na haitakikwaruza. Iliyolala ni ya kahawia, imetulia, haitoki kidoleni. Hiyo iache ilale. Mimi mwanzoni niliamsha nyingi.

Na sehemu za bunduki moja usizichanganye na za nyingine! Wiki yangu ya pili nilifungua bunduki tano kwa mpigo, nikatia kila kitu katika beseni moja la mafuta, skrubu, springi, vipete, vyote, kama mwanamke anayeosha vyombo vya shughuli. Fundi Amisse alitazama beseni, akatazama dari, akasema maneno ya Kireno nisiyoyajua mpaka leo. Kila kipande kina namba ndogo, na namba zinatakiwa zilingane na za bunduki yake. Nilikaa siku mbili na kioo cha kukuzia nikiwarudisha watoto kwa mama zao. Tangu hapo, bunduki moja, sinia moja.

Haya, turudi Jumanne. Mtutu ulitakata kufikia mchana. Nikabaki natazama mbao. Ilikuwa nyeusi kwa masizi na jasho la watu wa zamani. Upande wa kulia wa kitako kulikuwa na vishimo, vidogo, vingi, vimejaa uchafu mgumu. Mimi mtu wa Tanga nilivijua mara moja: dudu wa mbao! Nimeshatibu makabati mangapi yenye dudu? Nikaona huruma. Nikasema moyoni, Fundi Amisse ni mtu wa vyuma, hajui kwamba mbao yake inaliwa. Nitamfanyia jambo la kumshangaza.

Kile kikadi kilikuwa kinaning'inia njiani. Nikakifungua uzi, nikakiweka mezani kifudifudi ili maandishi yasichafuke. Ndiyo, wanangu. Nililinda maandishi.

Nikapiga msasa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi kamba niliifunga mwenyewe, tena kwa fundo zuri. Nilipiga msasa mnene, kisha wa kati, kisha laini. Vile vishimo vilianza kuwa vifupi, vikawa vivuli, vikapotea. Nikapangusa, nikapaka vanishi mkono mmoja, na mbao ya mjozi ikatoa rangi ya asali yenye mistari ya kahawia ndani yake. Nilifurahi jamani! Kwa nini niseme uongo? Ilikuwa nzuri. Nikarudi hatua mbili, mikono kiunoni, nikaita "Ahaa!" peke yangu chumbani.

Jumatano asubuhi vanishi ilikuwa imekauka, na nikataka kurudishia kadi. Nikaigeuza. Fundi Amisse aliandika kwa herufi kubwa, anavyoandika kwa ajili yangu: MBAO, KULIA: JINA LA BABU, KWA MSUMARI. USIGUSE. MAMA HAONI. ANALISOMA KWA KIDOLE.

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisoma nimekaa chini sakafuni.

Sitawaficha nilichofanya baadaye, kwa kuwa nyie mtakutana na siku kama hiyo, iwe kwa bunduki, iwe kwa benki. Nilitafuta msumari. Nikaupata, nikaweka ncha kwenye mbao, nyundo mkononi, tayari kumwandika babu wa watu upya. Kilichonizuia si uchaji Mungu, siwadanganyi. Kilichonizuia ni kwamba sikujua anaitwa nani! Kadi ilisema "jina la babu", basi. Nikabaki nimepiga magoti na nyundo yangu, nimefuta mtu ambaye hata jina lake silijui. Hapo machozi yalinitoka. Nilimfikiria yule mama anakuja na kidole chake, anatafuta pale alipozoea, hakuti kitu, na anadhani labda ni kidole chake nacho kimeanza kupofuka.

Alhamisi Fundi Amisse akarudi. Sikungoja avue kofia. Nilimwambia yote, toka dudu mpaka msumari. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama. Koti langu nilikuwa nimeshalitundua ukutani, nimelishika mkononi.

Alikwenda mezani. Aliipitisha mbao mbele ya dirisha, akaitazama kwa upande, muda mrefu. Hakusema Kireno, na hilo ndilo lililonitisha.

"Tundika koti," akasema. "Ijumaa haijafika. Kesho utamwambia wewe mwenyewe. Mimi si mdomo wako."

"Baada ya hapo niondoke?"

"Baada ya hapo tutajua." Akapitisha gumba kwenye kitako. "Na hapa je? Hili bonde?"

Karibu na pale palipokuwa na jina, jiliwa langu lilikuwa limeibana mbao likaacha alama. Sikuwa hata nimeliona. Akatikisa kichwa. "Angalau bonde lako liondoe. Toa hiyo vanishi kwa spiriti, kisha lete pasi."

Hili la pasi mlijue, ni dawa nzuri na haina gharama. Mbao iliyobonyea haijapoteza kitu, nyuzi zake zimebanwa tu. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa maji juu ya bonde, pitisha pasi ya nguo ya moto, mvuke unazama ndani, nyuzi zinakunywa, zinavimba, zinarudi mahali pake. Usikandamize, na usikae mahali pamoja ukaiunguza. Inua kitambaa, angalia, lowesha, rudia.

Nikatoa vanishi. Nikalowesha kitambaa, nikakitandaza, kikafunika bonde na eneo lote la jirani, maana kilikuwa kikubwa na sikukikunja. Juu yetu kwaya ilikuwa imeanza mazoezi ya Alhamisi, dari linatikisika. Nikapitisha pasi, mvuke ukanifunika uso. Nikainua kitambaa. Bonde lilikuwa limepungua nusu. Na pembeni yake mbao ilikuwa na kipele.

Nikadhani nimeiunguza. Nikaongeza maji, nikapitisha tena, nikainua. Vipele vilikuwa saba. Vimejipanga mstari uliopinda.

"Fundi," nikasema. "Fundi, njoo. Mbao inaota ndui."

Alikuja na miwani yake. Alitazama, akaninyang'anya kitambaa, akakichovya mwenyewe, akakitandaza upande wa kulia zaidi. Pasi. Mvuke. Akainua. Vipele vingine, mistari mitatu imelala, mmoja umesimama. Alianza kuhesabu kwa kidole hewani kama mtu anayeandika, halafu akapiga kelele ambayo nina hakika kwaya waliisikia: "Alipigilia! Hakuchonga! Alipigilia!"

Mnaelewa ilivyokuwa? Yule babu angetumia kisu, angekata nyuzi, na msasa wangu ungemmaliza kabisa. Lakini alichukua msumari butu na jiwe, akagonga nukta moja moja. Kila nukta iliibana mbao chini yake. Mimi nilipiga msasa mpaka usawa wa mashimo, nikaona nimemaliza, kumbe chini ya kila shimo kulikuwa na nyuzi zilizobanwa zaidi ya miaka mia, zinangoja maji tu. Zilipoyapata, zikavimba, zikainuka juu ya nyuzi nyingine. Jina lililokuwa limezama likatokea limeinuka.

Tulipiga pasi herufi baada ya herufi, mimi natandaza, yeye anapitisha. G. Kisha E. Kisha R, yenye mguu uliopinda. Na T mwishoni, kubwa kuliko wenzake, kama mtu aliyegundua ana nafasi iliyobaki. GERT. Nilimshika Fundi Amisse mabega, tukazunguka meza, watu wazima, kwaya inatupigia bila kujua. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikuona haya.

Tulipotulia akaifuta miwani. "Haya. Jina umelipata," akasema. "Mdomo bado unao?"

Nikasema, "Fundi, si limerudi? Yeye haoni. Atajua vipi?"

Kweli lilikuwa swali la kipumbavu. Kidole kilichosoma mashimo miaka yote kisijue vilima?

Ijumaa saa nne kamili wakafika. Ouma Hester alikuwa mwembamba, mrefu, kofia ya kufuma kichwani, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Macho yalikuwa yameshachoka, anaona mwanga na kivuli basi. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuokoteza, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mikono. Nikamlaza babu yake mapajani.

Mkono wa kulia ulikwenda pale pale, bila kutafuta. Ukasimama.

Fundi Amisse alikwenda dirishani kutazama barabara kana kwamba kuna harusi inapita. Mimi hotuba niliyoiandaa tangu jana yote ilinitoka. "Ouma," nikasema, "mimi ndiye niliyemfuta babu yako. Nilidhani ni dudu wa mbao. Kadi ilisema nisiguse, sikuisoma. Amerudi kwa mvuke, lakini hajarudi kama alivyokuwa. Kosa ni langu, si la fundi."

"Eish," mjukuu akasema kwa sauti ndogo.

Kidole cha Ouma kilipanda mgongo wa G, kikashuka, kikaenda E, kikavuka, kikapita R na mguu wake uliopinda, kikafika T. Kisha kikarudi mwanzo.

"Alikufa sijazaliwa," akasema hatimaye. "Sina picha yake. Nilipokuwa na miaka minne baba yangu alichukua kidole changu akakitia kwenye shimo la kwanza, akasema, huyu ni babu yako, msalimie. Kila shimo nalijua."

"Nisamehe, Ouma."

"Mashimo yangu umeyachukua. Hayo hayarudi, na yataniuma. Nataka ujue."

"Najua, Ouma."

Kidole kilikuwa bado kinatembea. Taratibu mdomo wake ukaanza kucheza, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Kumbe mama anacheka! Alicheka mpaka kofia ikamwenda upande.

"Waingereza walimchomea nyumba," akasema. "Walimchukulia ng'ombe wote, wakampeleka ng'ambo ya bahari, na akarudi akafufua shamba. Na wewe kijana na karatasi yako ya msasa ulidhani utamweza?"

Fundi Amisse dirishani naye akapasuka kicheko. Mjukuu akapasuka. Mimi nilicheka mwisho, kwa kuogopa kwanza, halafu kwa nafsi yangu yote. Ouma akanivuta mkono, akauweka juu ya jina. "Vishimo nilivisoma kwa ncha ya kidole tu," akasema. "Hivi navisoma kwa kiganja kizima. Njoo, mwambie na wewe habari ya asubuhi." Nikamwambia. Sikuona ajabu hata kidogo kumwamkia Kaburu aliyelala kaburini, maana tulikuwa tumeshafahamiana vya kutosha.

Kisha akageuka upande wa dirisha. "Amisse, mafundi wenu huandika wapi?"

Hilo sikulijua bado. Fundi Amisse akafungua vipete, akainua mtutu kutoka kwenye mbao. Ndani ya mfereji, mahali ambapo jicho la mtu halifiki mpaka bunduki ifunguliwe, kulikuwa na maandishi mawili ya penseli, ya mafundi wa zamani waliopita humo kila mmoja kwa wakati wake. Akatoa penseli mfukoni mwa koti lake la bluu, akanipa.

"Niandike nini?"

"Ulichofanya," Ouma akasema. "Chote. Siku moja mtu ataifungua ashangae kwa nini jina limevimba. Asiteseke."

Nikaandika kwa lugha yangu, maana mambo mazito siyawezi kwa nyingine: *Jina la Gert nililifuta mimi, Shaibu, fundi wa Tanga, kwa kutosoma. Likarudi.* Ouma akataka nimsomee. Nikamsomea. Akauliza lile neno la mwisho lina maana gani, nikamwambia, akalirudia mara nne kwa lafudhi yake ya Kikaburu, na alipokuwa anashuka ngazi na mjukuu wake nilimsikia bado analitamka, kila kidato mara moja.

Tulifunga karakana, tukatoka kwenda kuswali Ijumaa. Mchana ulikuwa mkali, wachuuzi wamejaa mpaka barabarani, na mimi natembea nyuma ya Fundi Amisse hatua moja, koti nimelikunja mkononi, sijui nilivae au nilibebe. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, tukasimamishwa na taa nyekundu.

"Jumatatu zinakuja bunduki tatu," akasema, macho kwenye taa. "Moja ina jina."

"Nani ataifanya?"

Taa ikawa kijani. "Vaa koti, Shaibu," akasema. "Tunachelewa."